Wachezaji wangu wanaweka akiba kila kichupa cha dawa. Nifanyeje?

*"Naendesha kampeni ya Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani wa kusimulia na kuigiza hadithi kwa dadu) hapa Kisumu, Jumamosi mchana, wachezaji watano, na wahusika wote wamefika ngazi ya 4. Tunatumia sheria za 2014. Tangu tuanze nimewapa dawa za kuponya, hati za uchawi (karatasi ambayo ukiisoma uchawi wake hutoka mara moja tu) na kichupa kimoja cha kuruka angani. Hawavigusi. Juzi nilihesabu nikakuta dawa sita, hati tatu na hicho kichupa, vyote vimelala mfukoni. Halafu kikao kilichopita mmoja akakumbuka hati ya nne, ile ya kumpoozesha mtu, akamsomea jemadari niliyemwandaa kwa wiki tatu. Jemadari akafa kabla ya zamu yake ya pili. Nimekwama. Nikitoa vitu vidogo vinaozea mfukoni, nikitoa vikubwa vinaniharibia pambano. Niache kabisa kutoa vitu vya kutumia mara moja? Na nisipoacha, nitoe vingapi, vya aina gani? Ningependa pia viwe na ladha ya huku kwetu, si vichupa vyekundu tu."*

Usiache. Umeleta malalamiko mawili ukayafunga pamoja kana kwamba ni moja, na ndiyo maana huoni suluhisho. Dawa sita zilizolala mfukoni ni tatizo la gharama ya kutumia kitu. Jemadari aliyekufa mapema ni tatizo la namna pambano lilivyopangwa, na hati ile haina kosa kubwa sana. Tuyachukue kwa zamu.

Wasimulizi wengi, yaani waendeshaji wa mchezo kama wewe, wakiona mfuko umejaa husema wachezaji wamesahau, au ni wachoyo. Mara nyingi si hivyo. Wamepiga hesabu, pengine bila kujua kwamba wanaipiga, wakaona hailipi. Chukua dawa ya kawaida ya kuponya: dadu mbili za pande 4, jumlisha 2, wastani ni 7. Mpe mpiganaji wako azichape na zimwi mmoja wa kawaida, mwenye uhai 59 na rungu linalotoa wastani wa 13 kila likimpata mtu. Kwa sheria za 2014 kunywa dawa kunakula tendo lako zima. Kwa hiyo mpiganaji anakunywa, anapata 7, zimwi anampiga anapoteza 13, na yeye hakurusha hata pigo moja. Pambano la kawaida huisha kwa mizunguko mitatu au minne. Umemwomba atoe theluthi au robo ya kazi yake yote ili abaki nyuma kwa 6. Kichupa hicho kinalipa wakati mmoja tu, pale mwenzake anapokuwa ameanguka, uhai wake umefika sifuri, kwa sababu hapo hata pointi 4 zinamrudishia mtu zamu nzima. Ndiyo sababu dawa zinasubiri mtu aanguke, na kama kuhani wako anaponya vizuri, haanguki mtu.

Rekebisha hivi: anayekunywa dawa yake mwenyewe atumie tendo dogo, lile la haraka linaloongezwa juu ya tendo zima la zamu, na arushe dadu kama kawaida. Akiamua kutoa tendo zima, asirushe dadu, apate 10 kamili, kiwango cha juu. Kumnywesha aliyeanguka kubaki tendo zima. Toleo la sheria la 2024 limekwisha kuifanya dawa kuwa tendo dogo, kwa hiyo huna haja ya kuogopa kwamba unavunja mchezo. Mwizi wako, kama yupo, atanung'unika kwa sababu yeye tendo dogo lake analo kazi nalo tayari, kukimbia au kujificha. Mwache anung'unike. Sasa ana uamuzi wa kufanya kila zamu, na uamuzi ndio unaoutafuta.

Hati zina ubaya wake mwingine. Tuseme moja ya hizo tatu ni ya mpira wa moto, uchawi wa daraja la 3. Mchawi wa ngazi ya 4 anafikia daraja la 2 tu, kwa hiyo sheria inamtaka arushe dadu ya pande 20, aongeze uwezo wake wa kichawi, afikishe 13: yaani 10 jumlisha daraja la uchawi. Mwenye nyongeza ya +4 atafaulu kwa nyuso 12 kati ya 20. Akikosa, maandishi yanafutika na zamu imekwenda. Mchezaji anajua kuna hatari ya asilimia 40 ya kupoteza kitu chake cha thamani bila kupata chochote, kwa hiyo anangoja siku ambayo lazima itumike. Siku hiyo haifiki. Kwenye meza yako badilisha matokeo ya kukosa: achague mwenyewe kati ya hati kubaki salama lakini zamu ipotee, au uchawi utoke lakini kitovu chake kihame futi 10 kuelekea upande utakaoamuliwa na dadu ya pande 8. Chaguo la pili litawapa hadithi watakazozisimulia hadi mwisho wa kampeni, hasa kama mwindaji wao amesimama karibu.

Halafu angalia jambo moja ambalo hukulitaja. Hati ya uchawi husomwa na mtu ambaye uchawi huo umo katika orodha ya kazi ya mhusika wake tu, kama vile mchawi au kuhani. Hati ya kikuhani mfukoni mwa mpiganaji ni karatasi. Kagua leo hizo tatu: nani mezani anaweza kuzisoma? Isiyo na msomaji, mtafutie mnunuzi ndani ya hadithi.

Gharama ya pili ni kutojua kingine kitapatikana lini. Hapa ushauri utakaousikia kwa wengi ni kupunguza, eti vikiwa adimu watavithamini. Watavithamini, ndiyo, na watavifungia kabatini. Mtaa ambao maji ya bomba huja bila ratiba, kila nyumba hujaza madumu na hakuna anayeosha gari. Wachezaji wako wanajaza madumu. Wape ratiba. Weka mama mmoja muuza dawa katika soko la mji wenu wa hadithi, soko kubwa la wazi la aina ya Kibuye, na useme mbele ya wote kwamba kila siku ya soko ana vichupa vitatu vya kuponya, vipande 50 vya dhahabu kila kimoja, ambayo ndiyo bei ya kitabu, na kitu kimoja cha ajabu kinachobadilika. Akiuza vimekwisha, hadi soko lijalo. Kuanzia hapo kichupa kina bei na tarehe ya kurudi, na mtu anaweza kukinywa bila moyo kumuuma.

Ya tatu ni kutojua kitu kinafanya nini. Msimulizi anapenda fumbo, anatoa "kichupa cha maji ya zambarau yanayotoa povu", anangoja wachezaji wajaribu. Hawajaribu. Hata kitabu chenyewe hakitaki uwafiche sana: kuonja tone moja la dawa kunatosha kuijua, na kukaa na kitu kingine cha uchawi wakati wa mapumziko mafupi kunakitambulisha. Kwa hiyo toa kadi. Nunua manila dukani, kata ukubwa wa A4, ikunje katikati mara tatu, upate kadi nane za kutosha kiganja. Juu andika jina, chini yake sura ya kitu kwa maneno machache, kisha kinachotendeka pamoja na namba zote, kisha kinakula tendo gani, na mwisho kinaisha lini kama kinaisha. Mchezaji akikitumia, anachana kadi. Usiidharau hatua hiyo ya kuchana. Kadi iliyoko mezani inaonekana kila zamu, ilhali kitu kilichoandikwa penseli kwenye kona ya karatasi ya mhusika kimezikwa. Sheria za msingi za 2014 zilitolewa chini ya leseni ya Creative Commons mwaka 2023, kwa hiyo maelezo ya vitu vingi unaweza kuyachukua, kuyatafsiri na kuyachapa kihalali bila kulipa.

Njia nzuri zaidi ya kuwafundisha kitu kipya ni kumpa adui kwanza. Kiongozi wa majambazi ana vibuyu viwili vinavyofanana. Mzunguko wa pili anavunja kimoja, wote wanaona kilichotokea na wanakiandika akilini. Wakimuua haraka, cha pili ni chao. Hutahitaji kueleza chochote.

Sasa jemadari. Hati ile ni ya daraja la 2, ugumu wa kuikwepa ni 13. Kama hekima ya jemadari ina nyongeza ya +1, alihitaji 12 au zaidi kwenye dadu, maana yake angeshindwa kwa nyuso 11 kati ya 20. Aliyepooza hujaribu tena mwisho wa zamu yake, lakini kabla ya hapo kila pigo linalompata kutoka umbali wa futi 5 linazidisha dadu za madhara mara mbili. Wachezaji wanne wamezunguka mtu mmoja asiyeweza kujitikisa. Kufa kwake hakukuwa ajali. Na hata bila hati, adui aliye peke yake ana zamu moja dhidi ya tano, huyo yuko hatarini kila Jumamosi.

Usilipize kwa kutangaza kwamba adui wajao hawapoozi. Mchezaji aliyekumbuka hati kwa mara ya kwanza akaona inafaulu ndiye mwalimu wa meza yako, ukimwadhibu umewafundisha wote kurudisha vitu mfukoni. Mpe jemadari ajaye walinzi wawili ambao mmoja wao anaweza kumzindua kwa kutoa tendo lake. Au mpe uwezo walio nao viumbe wa hadithi kubwa wa kuamua kwamba wamefaulu kukwepa hata kama dadu imekataa. Wao huwa nao mara tatu kwa siku. Wako mpe mara moja tu, na likitumika lieleze waziwazi: mishipa ya shingo imesimama, pete kidoleni imepasuka, haitafanya hivyo tena. Hati imetumika na imenunua kitu. Hakuna aliyeibiwa.

Kuhusu ukubwa, wasimulizi hupima kitu kwa madhara yake, wakiona dadu nane za pande 6 wanashtuka. Kipimo hicho kinapotosha. Mpira wa moto wa hati hutoa wastani wa 28, unamaliza nusu ya pambano moja, na umekwisha. Kitu cha kudumu kinabaki na kinaongezeka juu ya vingine, ndiyo maana mchezo unazuia mhusika kujifungamanisha, yaani kujiunga kiuchawi, na zaidi ya vitatu, lakini cha mara moja kinajiondoa chenyewe. Kwa hiyo unaweza kutoa uchawi wa mara moja ulio daraja moja hata mawili juu ya uwezo wao bila hofu. Pima badala yake kwa idadi ya matukio ambayo kitu kinayagusa. Na kwa kipimo hicho, kitu cha hatari katika mfuko ule ni hicho kichupa cha kuruka. Kinadumu saa nzima. Mtu mmoja mwenye kamba na saa nzima ya kuruka anafuta mto, jabali, ukuta, lango na walinzi wa lango, yaani jioni yako yote. Linganisha na mavumbi ya kutoweka, ambayo humficha kila aliye ndani ya futi 10 kwa dakika za dadu mbili za pande 4, na anayeshambulia anaonekana tena. Yana nguvu sana, lakini yanagusa tukio moja. Punguza kuruka kuwe dakika 10, waambie waziwazi kwamba umebadilisha, na uwape kitu kidogo cha kufidia. Vitu vya kufufua wafu, kusoma mawazo kwa muda mrefu na kusafiri papo hapo vipitie mzani huohuo kabla hujavitoa.

Ladha ya huku kwetu: hapa una utajiri mkubwa, ila usiishie kubandika majina. Kitu kizuri cha mara moja kina sharti linalomlazimisha mchezaji kuandaa wakati wa kukitumia. Mchukue Lwanda Magere, shujaa wa hekaya za Waluo. Kila mtoto wa Kano anajua mwili wake ulikuwa jiwe na nguvu zake zilikuwa kivulini, hadi kivuli chenyewe kilipochomwa mkuki. Tengeneza Ncha ya Kivuli: kichwa cha mkuki, kirushwe mara moja kulenga kivuli badala ya mwili. Kivuli hakina ngao, kwa hiyo namba ya kukipata kwa dadu ni 10 hata kama mwenyewe amevaa chuma, na pigo likipata, dadu za madhara zinazidishwa mara mbili bila kujali kinga yoyote ya mwili. Sharti: pawe na mwanga mmoja mkali, na kivuli kianguke angalau futi 5 kutoka miguuni. Tazama linavyofanya kazi. Karibu na ikweta, Machi na Septemba, jua la saa sita liko utosini na kivuli kimejikunja chini ya nyayo, kitu hakifai. Jioni kinafaa sana. Usiku, mtu awashe mwenge mmoja na wengine wazime yao, wapigane nusu gizani. Wachezaji watano wanapanga mahali na saa ya pambano kwa sababu ya kadi moja.

Wavu wa Nyamgondho ni wa aina nyingine, hauna madhara hata kidogo. Nyamgondho wa Ombare, mvuvi wa Gwassi, alivua bibi kizee ziwani, akatajirika ng'ombe, akamtukana, na bibi akarudi majini na mali yote ikimfuata. Wavu huu unatupwa mara moja katika maji baridi yoyote usiku, unaleta kitu kimoja kilichopotea humo ambacho kikundi kinaweza kukieleza kwa usahihi. Pamoja nacho anakuja mgeni mwenye ombi moja. Wakimdharau, alfajiri kitu kinarudi ziwani chenyewe. Kadi imekwisha kuchanwa, ila deni linaendelea, na wewe umepata kikao kizima bila kuandika ramani.

Vingine nitavipitia haraka. Kibuyu cha mvuke wa Bogoria, ziwa la chemchemi za maji moto: kivunje, ukungu wa futi 20 kwa dakika moja, anayemaliza zamu ndani yake anaungua dadu moja ya pande 6, rafiki au adui. Bonge la chumvi ya pango, kama zile ambazo tembo wa Mlima Elgon hukwangua kwa pembe gizani ndani ya pango la Kitum: lisage, chora mstari wa futi 10, kwa dakika 10 mzimu hauvuki bila kufaulu ugumu wa 13, lakini yeyote aliye hai akiukanyaga ameuvunja. Sharti hilo la mwisho usiliondoe, ndilo linalowafanya wabishane nani asimame wapi.

Tahadhari moja. Kit Mikayi, yale mawe makubwa yaliyo karibu na Kisumu, watu huenda kusali hadi leo, na katika nyumba nyingi za huku hirizi si jambo la utani. Waulize wachezaji kabla, kila mmoja peke yake, nini kisiletwe mezani, na mahali pa ibada pabadilishie jina na sura.

Idadi sasa. Kwa wachezaji watano lenga vitu vitano hadi saba mfukoni kwa wakati wowote, wewe una tisa na kichupa, vimezidi. Acha kutoa bure hadi vishuke chini ya vitano, kisha toa kimoja au viwili kwa kikao, na katika kila vitatu kimoja kiwe kinachofanya jambo ambalo hakuna mhusika wao anaweza kulifanya kwa uwezo wake. Muda wa kuharibika weka kwa kimoja tu kwa wakati, tuseme dawa mbichi inayopoteza nguvu baada ya siku saba za hadithi. Ukiviwekea vyote, umegeuka mtunza stoo na wao wamegeuka wakaguzi.

Kuna mambo siwezi kuyapima kutoka kwenye barua. Kama mchezaji mmoja ndiye anayebeba mfuko wote na wengine wanaogopa kumwomba, kadi na bei hazitasaidia. Zungumza naye ana kwa ana kabla ya kikao, si mezani mbele ya wenzake, na ugawe kadi upya mikononi mwa kila mtu. Na kama ukifanya haya yote bado mapambano yanaisha mzunguko wa pili, tafuta msimulizi mwenye uzoefu zaidi akae pembeni kikao kimoja bila kucheza. Mpe karatasi za wahusika na namba za adui zako mapema. Huenda kuna mtu mezani anayejumlisha dadu zake vibaya, na hilo huonekana kwa macho tu.

Jumamosi hii anza na hivyo ulivyo navyo. Andika kadi kumi, zigawe kabla ya dadu ya kwanza, tangaza sheria ya kunywa kwa tendo dogo na sheria mpya ya hati. Kisha waweke zimwi wawili kwenye daraja jembamba, mmoja kila upande, wakati kikundi kiko katikati na kuhani ametumia karibu uwezo wake wote asubuhi hiyo.